Majenerali wa Mtongwe

Mjini Thika kuna barabara yenye jina la Jenerali Kago, na shule ya msingi ya jina hilohilo. Kago wa Mboko alipigana na Waingereza upande wa Murang'a wakati wa Mau Mau, akauawa mwaka 1954. Hakuna chuo kilichompa ujenerali. Alipewa na wenzake msituni, kama Waruhiu Itote alivyokuwa Jenerali China na Dedan Kimathi akawa Fildi Mashali. Itote alikuwa ameshapigana Burma katika King's African Rifles, na wengine waliokuwa naye porini walikuwa pia askari wa zamani wa vita vikuu vya pili. Walijua jeshi hupangwa vipi. Walipounda lao walichukua vyeo walivyokwisha kuvisikia vikitamkwa gwarideni: koplo, sajini, meja, jenerali. Vyote ni vyeo vya nchi kavu. Pitia majina ya viongozi wa Nyandarua na Mlima Kenya, humkuti admirali hata mmoja.

Si ajabu. Kahawa, kabla hujafika Ruiru ukitoka Nairobi, Waingereza walijenga kambi wakaiita Templer Barracks kwa heshima ya Jenerali Gerald Templer, aliyekuwa mkuu wa jeshi lao la nchi kavu kati ya 1955 na 1958. Mwaka 1965 majengo yake yalikabidhiwa serikali ya Kenya yakawa Kenyatta College, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jeshi lenyewe halikuhama Kahawa, na Thika nako kuna kambi ya kikosi cha 12 cha wahandisi. Mtoto anayekulia kando ya barabara hii husikia habari za makanali na mabrigedia tangu utotoni. Bahari iko mbali naye, kilomita mia tano hivi kwa barabara, na vyeo vya baharini viko mbali naye kuliko bahari yenyewe.

Lakini maji anayovuka kila siku kwenda shule yanafika huko. Mito ya Chania na Thika hukutana Thika mjini, pale penye maporomoko mawili ambapo hoteli ya Blue Posts imesimama tangu 1908. Mto Thika huteremka hadi Tana, na Tana humwaga Kipini, kusini ya Lamu. Mto Ruiru nao huishia katika Athi, na Athi baada ya kupita Fourteen Falls na nyika yote ya Ukambani huitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Malindi na Kipini ni milango miwili ambayo maadmirali waliipitia, na anayetaka kuelewa kwa nini Kenya huru haina admirali hata leo afadhali aanzie hapo.

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Hakuwa admirali. Alikuwa kapteni mkuu wa meli tatu zilizochoka, zenye mabaharia wagonjwa, na alikuwa ametoka Mombasa bila maelewano. Sultani wa Malindi alimpokea, akampa vyakula, na zaidi ya vyote akampa rubani aliyeijua njia ya Kalikuti. Walitweka matanga Aprili 24, wakiwa na upepo wa kusi nyuma yao, wakaiona pwani ya India katikati ya Mei. Majina mengi yametajwa kuhusu rubani huyo, na wengi wamemtaja Ahmad ibn Majid, baharia mkuu wa Oman, jambo ambalo wanahistoria wa leo wamelikataa. Lililo hakika ni kwamba elimu ya pepo na nyota iliyomvusha da Gama ilikuwa elimu ya bahari hii. Aliporudi Lisbon, Mfalme Manuel alimpa cheo cha almirante wa bahari za India. Mtu akawa admirali wa maji ambayo yeye mwenyewe asingeyavuka bila mwenyeji kumshika mkono.

Mwaka 1502 alirudi na cheo hicho, na safari hii alikuja na msafara wa meli nyingi zenye mizinga. Alifika Kilwa mwezi Julai. Kilwa wakati huo ilitawaliwa na Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa ukoo wa masultani bali amiri aliyeshika madaraka. Da Gama alimtisha kwa mizinga, akamlazimisha kukubali utawala wa Ureno na kulipa ushuru wa dhahabu kila mwaka. Nikiitazama siku hiyo naona jambo ambalo pengine wote wawili hawakulijua: cheo cha aliyetisha na cheo cha aliyetishwa vilikuwa vya asili moja. Amiri kwa Kiarabu ni mwenye kutoa amri. Waarabu walipoitawala Sisili neno lilibaki huko hata baada ya Wanormani kuwapindua. Katika karne ya 12 George wa Antiokia, mkuu wa meli za Mfalme Roger wa Pili wa Sisili, aliitwa amiri wa maamiri kwa Kilatini cha wakati ule. Kutoka hapo neno likaenea Italia, Ufaransa, Uhispania na Ureno, likiongezewa herufi njiani, hadi likarudi Kilwa likiwa na mizinga, likamkuta mwenzake amekaa barazani.

Neno lingine la ukoo huo lilikuja kutoka kwa Waturuki. Kati ya 1585 na 1589 Mir Ali Bey alishuka pwani hii mara mbili, na miji mingi ilimpokea kwa furaha kwa sababu ilikuwa imechoshwa na Wareno. Mir ni amiri huyohuyo aliyekatwa kichwa. Alijenga ngome Mombasa, lakini mwaka 1589 Tomé de Sousa Coutinho alikuja na meli kutoka Goa, na wakati huohuo Wazimba wakawa wamefika upande wa bara. Mir Ali alikamatwa akapelekwa Lisbon. Miaka michache baadaye Wareno walianza kujenga Fort Jesus.

Baada ya hapo niruke karibu miaka mia tatu, nifike mlango wa pili, Kipini.

Kwanza lazima ielezwe bendera, maana ndiyo roho ya cheo hiki kwa Waingereza. Katika jeshi lao la majini, afisa akishapanda hadi ngazi fulani hupata haki ya kupandisha bendera yake mwenyewe juu ya mlingoti, na meli aliyomo huwa ndiyo meli ya bendera. Maafisa wa ngazi hiyo kwa jumla huitwa maafisa wa bendera. Zamani msafara wa vita uligawanywa mafungu matatu: admirali alikaa katikati, makamu wake akaongoza mbele, na wa tatu akalinda nyuma. Huyo wa nyuma ndiye Ria Admirali, cheo cha chini kabisa miongoni mwa maadmirali. Hadi mwaka 1864 walikuwa pia na rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, kila moja na maadmirali wake. Mtu wa pwani aliyetazama baharini kwa darubini hakuhitaji kusoma kitu. Bendera ilimwambia kama aliyekuja ni kapteni wa kawaida au mtu mwenye uwezo wa kuamuru meli nyingi zifyatue kwa pamoja.

Bendera ya Admirali Edmund Fremantle ilionekana sana katika maji haya. Tangu Desemba 1888 yeye na Admirali Karl August Deinhard wa Ujerumani waliifunga pwani kwa manowari, kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa na silaha, wakati Abushiri bin Salim alipokuwa akipigana na kampuni ya Wajerumani kule Pangani na Bagamoyo. Mwaka 1890 mkataba wa Heligoland uliuweka usultani wa Witu mikononi mwa Waingereza. Septemba ya mwaka huo Mjerumani aliyeitwa Küntzel na wenzake waliuawa Witu baada ya ugomvi na watu wa Sultani Fumo Bakari. Ujerumani ilidai adhabu itolewe, na aliyepewa kazi ni Fremantle. Mwishoni mwa Oktoba alishusha mabaharia wake Kipini, pale Tana inapoingia baharini, wakapanda hadi Witu wakiburura mizinga myepesi. Mji ulitekwa kisha ukachomwa moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni, akafariki miezi michache baadaye. Mvua iliyonyesha Nyandarua na kupita Thika mwezi ule ilipita mbele ya mashua za Fremantle.

Mwingine wa wakati huo ananivutia zaidi, kwa sababu maisha yake yanatangulia habari ya Mtongwe, makao ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Lloyd Mathews alikuwa luteni wa Jeshi la Majini la Uingereza katika HMS London, meli iliyowekwa Zanzibar kufukuza majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 aliazimwa kwa Sultani Barghash amwundie jeshi la kisasa la nchi kavu. Alifundisha gwaride, akabaki, akaacha kazi ya manowari, na Zanzibar ikampa cheo cha Brigedia Jenerali. Mwaka 1891 akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar, akaishika kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1901. Baharia mwenye cheo cha nchi kavu si jambo geni katika pwani hii.

Mathews alikuwapo pia katika vita viwili vya Ria Admirali Harry Rawson. Agosti 1895 Rawson alitua na mabaharia Mombasa kumshambulia Mbaruk bin Rashid Mazrui katika ngome yake ya Mweli, ndani ya milima ya nyuma ya pwani. Mweli ilichukuliwa Agosti 17, na Mathews akajeruhiwa. Mbaruk aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata, kisha akavuka upande wa Wajerumani.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Zanzibar ghafla. Khalid bin Barghash aliingia jumba la kifalme na kujitangaza sultani bila kusubiri ridhaa ya balozi wa Uingereza. Kesho yake mchana Rawson akafika na HMS St George, bendera yake juu. Zikawa manowari tano bandarini. Khalid alipewa hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 ashushe bendera yake na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne kasorobo mambo yalikuwa yamekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa vibaya. Meli ya Sultani, Glasgow, aliyoitengenezesha Barghash Uingereza karibu miaka 20 kabla, ilijaribu kujibu mapigo ikazamishwa palepale, na kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki ikichomoza majini mbele ya mji. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, baadaye akakamatwa na Waingereza, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Rawson yeye aliendelea mbele. Februari 1897 aliongoza msafara ulioichoma Benin na kupora shaba zake ambazo hadi leo Wanigeria wanazidai, na mwaka 1902 akafanywa gavana wa New South Wales.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Kwa babu zetu wa pwani admirali hakuwa mtu wa kusomwa vitabuni. Alikuwa bendera iliyotokea upeoni, na baada ya bendera, moto. Pwani ilikuwa na watu wake wa bahari: nahodha mwenye chombo, rubani anayejua miamba, mwalimu wa chombo anayesoma nyota, sarahangi anayesimamia mabaharia. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mji mizinga.

Admirali mkubwa wa mwisho kukaa Kenya alikuja akiwa amefukuzwa. Aprili 1942 meli za ndege za Japani zilishambulia Ceylon na kuzizamisha HMS Hermes, Dorsetshire na Cornwall. Admirali James Somerville aliona heri arudi nyuma na sehemu kubwa ya Msafara wa Mashariki, akaja Kilindini. Kwa muda Mombasa ikawa makao ya meli za kivita za Bahari ya Hindi. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na ndani ya madarasa yake wataalamu wakakaa usiku na mchana wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Kwa desturi ya Waingereza, kituo cha nchi kavu nacho huandikwa kama meli, na kituo chao cha Kilindini kiliitwa HMS Tana. Hata Nairobi walikuwa na yao, HMS Korongo, karakana ya kutengenezea ndege za majini. Ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka Ruiru, na kwa sheria zao aliyetoka langoni alikuwa ameshuka pwani. Mashamba ya kahawa na katani ya Thika yakawa jirani ya meli isiyo na maji.

Vita vilipokwisha meli zikaondoka. Kulikuwa na kikosi cha akiba cha wanamaji Mombasa tangu 1933, na miaka ya 1950 likaundwa Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Halikudumu. Lilivunjwa mwaka 1962, kabla uhuru haujafika Kenya.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa Desemba 12, 1964, siku ileile nchi ilipokuwa jamhuri, na makao yake yakawa Mtongwe. Chombo chake cha kwanza kiliitwa Nyati; mwaka 1966 vikaja Simba, Chui na Ndovu, na mwaka 1974 Mamba. Yatazame majina hayo. Isipokuwa Mamba, ambaye walau ni wa mtoni, wote ni wanyama wa nyika. Walioyachagua walitaka Mkenya wa bara naye aitambue meli hiyo kuwa yake, na nadhani walifanya vizuri. Baadaye zikaja Nyayo na Umoja, halafu mwaka 1994 kutoka Uhispania zikaja meli mbili za kubeba watu na shehena zilizoitwa Tana na Galana. Sijui ni wangapi Thika na Ruiru wanaotambua kwamba kuna meli za kivita zinazobeba majina ya mito inayoyapokea maji yanayopita nyuma ya viwanda vyao.

Kwa miaka minane ya mwanzo waliongoza maafisa wa Uingereza. Mwaka 1972 uongozi ukaingia mikononi mwa Mkenya, J. C. J. Kimaro. Waliomfuata ni E. S. Mbilu mwaka 1978, kisha Joseph Kibwana mwaka 1988. Hakuna hata mmoja aliyeitwa admirali. Kenya iliweka ngazi moja ya vyeo kwa majeshi yote matatu, na ngazi hiyo ni ya nchi kavu. Mkuu wa wanamaji ni Meja Jenerali, na mkuu wa wanahewa ni Meja Jenerali. Afisa anayeongoza meli anaweza kuwa Meja au Luteni Kanali, cheo ambacho askari wa miguu wa Kahawa angekitambua mara moja kwa kupiga saluti. Kapteni naye hubadilika. Katika majeshi ya majini ya Uingereza, India au Marekani, kapteni ni mtu mkubwa, sawa na kanali, aliyebakiza hatua chache awe afisa wa bendera. Kenya, kapteni wa majini ni kijana, sawa na kapteni wa kambi ya Thika. Mgeni asiyelijua hili huweza kumdharau afisa asiyestahili kudharauliwa, au kumpa mwingine heshima isiyo yake.

Faida ya ngazi moja ilionekana mapema upande wa anga. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 jeshi la anga lilivunjwa, na aliyeletwa kulijenga upya alikuwa Mahmoud Mohamed, afisa wa nchi kavu. Alikuwa Meja Jenerali alikotoka na Meja Jenerali alikokwenda, na mwaka 1986 akawa Mkuu wa Majeshi yote. Hapakuhitajika kutafsiri cheo chake.

Kwa wanamaji ilichukua muda mrefu zaidi. Tangu uhuru wakuu wa majeshi walitoka nchi kavu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mwaka 2000, Jenerali Daudi Tonje alipostaafu, ndipo Rais Moi alipomteua Joseph Kibwana, mtu wa Mtongwe. Kibwana akawa Jenerali kamili, nyota nne, baharia wa kwanza kuyaongoza majeshi ya Kenya. Huo ndio wakati ambao uamuzi wa kuwa na ngazi moja ulipata maana yake kamili. Nigeria ilipomteua baharia, Ola Sa'ad Ibrahim, kuwa Mkuu wa Majeshi kati ya 2012 na 2014, alikuwa Admirali, na cheo chake kilimtenga na wanajeshi wengi aliowaongoza. Kibwana aliitwa kama walivyoitwa waliomtangulia.

Tangu hapo mzunguko umekuwa wa haki, na unastahili kutajwa jina kwa jina. Baada ya Kibwana wa majini alikuja Jeremiah Kianga wa nchi kavu mwaka 2005, kisha Julius Karangi wa anga mwaka 2011. Mwaka 2015 zamu ilirudi baharini kwa Samson Mwathethe, aliyekuwa ameliongoza Jeshi la Wanamaji. Mwaka 2020 alifuata Robert Kibochi wa nchi kavu, na 2023 Francis Ogolla wa anga. Ogolla alifariki katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, pamoja na wanajeshi wengine, na mwezi uliofuata Charles Kahariri, mwanamaji, akaapishwa. Wakati huohuo Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza Jeshi la Wanahewa.

Katiba ya 2010 imewaweka pamoja pia. Baraza la Ulinzi lina waziri, katibu wa wizara, Mkuu wa Majeshi, na wakuu wa majeshi matatu, kila jeshi kiti kimoja. Juu yao wote ni Rais, na hapo Kiswahili kimelihifadhi neno ambalo Sisili, Lisbon na London zililigeuza: tunamwita Amiri Jeshi Mkuu. Kila Siku ya Jamhuri mtangazaji hulitamka redioni, na wasikilizaji wa Juja na Gatundu hulielewa bila kamusi. Hilo lenye kukaa baharini, baadhi ya kamusi zetu huliandika admeri, wengine admirali, na hakuna anayelitumia ila akizungumzia wageni.

Nitasema wazi ninavyoona. Wapo Wakenya wapendao majini wanaodai kwamba Meja Jenerali juu ya meli ni aibu, kwamba nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 500 inastahili maadmirali wake, na kwamba wenzetu wa Tanzania wamelitambua hilo; miaka ya karibuni mkuu wa Kamandi ya Jeshi la Wanamaji la JWTZ ametajwa kwa cheo cha Ria Admirali. Naiheshimu hoja hiyo lakini siikubali. Admirali wa pwani hii alikuwa mgeni mwenye kuamuru kutoka baharini. Kenya ilikuwa na sababu ya kutaka mlinzi wa bahari ambaye askari wa bara angemwona kuwa mmoja wake, na imempata. Tatizo langu liko kwingine. Jina moja limeificha bahari. Magazeti yanapoandika Jenerali Kahariri, msomaji wa Thika humwazia mtu wa buti na vifaru. Hajui kwamba mtu huyo alilelewa na meli, wala kwamba Jeshi la Wanamaji lilikuwamo katika kuuteka mji wa Kismayo Septemba 2012, wala kwamba linalinda njia ya mafuta na ngano anayoila. Mwandishi wa habari angeweza kuongeza neno moja tu, mwanamaji, baada ya jina. Walimu wa historia nao wangeweza kuiweka Kilwa ya 1502 na Zanzibar ya 1896 katika somo moja na Mtongwe ya 1964, maana ni habari moja.

Ria Admirali wa nchi ya nje anapotia nanga Mombasa, mwenyeji wake ni Meja Jenerali. Wote wana nyota mbili, na itifaki inawahesabu sawa. Kijana wa Ruiru anayetaka kufika hapo, akishachaguliwa kuwa kadeti, hatapelekwa Mombasa kwanza. Atakwenda Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya, alale bweni moja na watakaokuwa wa nchi kavu na wa anga, wote wakiwa mbali na maji ya chumvi. Atatoka Luteni wa Pili. Mbele yake kutakuwa na Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na juu kabisa Jenerali, cheo ambacho tangu mwaka 2000 watu watatu wa Mtongwe wamekifikia.